Mali ya Umma na Sanaa: Fungu Letu li Wapi?

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya alasiri, Kimbiji, Kigamboni)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila aliyeufuata mwongozo wake mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Mada ya leo imezaliwa na karatasi moja. Vijana wetu wa kaswida walitujia wakiwa na fomu ya kuomba mkopo katika Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Walikusudia kununua maikrofoni, spika mbili na kompyuta ya kurekodia, kwa sababu kila wanapotaka kurekodi hulazimika kwenda mjini, kulipa nauli ya watu wote na kumlipa mwenye studio kwa saa. Mzee wetu mmoja akawaambia wairudishe fomu hiyo ilikotoka, kwani fedha ya utamaduni ni fedha ya ngoma. Mzee mwingine akamjibu kwamba sisi hulipa kodi kila tununuapo sabuni na saruji, na fedha hiyo inapogawiwa wapiga magitaa hakuna anayetuuliza tulitoa nia gani. Maneno yakapanda. Swala ya isha siku hiyo ilisaliwa na watu wawili wasiopeana mikono. Ndipo tukaombwa tulitazame jambo hili, nasi tumelitazama kwa kadiri ya uwezo wetu, na palipo na kosa tunaomba masheikh watusahihishe.

Ndugu Waislamu, serikali ya nchi hii ilianza kuushughulikia utamaduni mapema sana. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mnamo Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa, hili tuliitalo BASATA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mwaka 1997 ikatoka Sera ya Utamaduni, na mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni kwa msaada mkubwa wa Sweden. Wafadhili walipojiondoa mfuko ule ulidhoofika, kisha katika miaka hii ya 2020 serikali ikaufufua kwa sura nyingine, ya kuwakopesha wasanii kwa kupitia mabenki. Hiyo ndiyo fomu iliyowagombanisha wazee wetu.

Katika miaka yote hiyo, neno utamaduni lilipotamkwa katika mikutano ya hadhara, lililoonekana mbele ya macho ya wengi lilikuwa ngoma. Mgeni wa taifa akitua uwanja wa ndege alipokewa kwa ngoma. Sherehe za kitaifa zilipambwa kwa ngoma. Watu wa pwani tulitazama, tukaona kwamba humo hamna letu, tukageuza nyuso. Hatuwalaumu wazee waliogeuza nyuso. Waliyaona yale ya kuchanganyika wanaume na wanawake, wakayakataa, na walikuwa na haki ya kuyakataa. Lakini kugeuza uso kuna gharama yake, nasi tutaitaja mbele.

Kwanza tuulize: je, mali ya umma yaweza kutumika kwa sanaa katika sharia? Wako wanaodhani kwamba jibu ni hapana moja kwa moja. Wanasahau kwamba Mtume (s.a.w.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari ndani ya msikiti ili aitetee dini kwa mashairi, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi naye akiwatazama. Kadhalika imepokewa kwamba alimvika Kaab bin Zuhair joho lake baada ya kumsikiliza, ijapokuwa wanahadithi wameizungumzia isnadi ya kisa hicho na hatupendi kukijengea hukumu. Ama suala la ala za muziki, lina mlango wake na khitilafu yake ni maarufu. Leo hatulifungui, kwa sababu vijana wetu hawakuomba gitaa.

Kisa kinachogusa mada yetu barabara ni cha Umar bin Abdul-Aziz (r.a.). Alipotawazwa ukhalifa mwaka 99 Hijria, washairi walijazana mlangoni pake kama walivyozoea kwa waliomtangulia. Makhalifa wa Bani Umayya walikuwa wakiwamwagia washairi dinari za Baitul-mal kwa beti za kuwasifu. Siku zikapita na mlango haukufunguliwa. Mwishowe aliruhusiwa Jarir, mmoja wa washairi wakubwa wa zama zile, akasoma shairi lake. Inasimuliwa katika vitabu vya tarehe na adabu kwamba khalifa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kuwa haoni fungu lake katika Baitul-mal, kwa kuwa hakuwa miongoni mwa wale ambao haki yao imetajwa. Hata hivyo hakumwacha aondoke mikono mitupu: alimpa dirham 100 zilizokuwa zimesalia katika mali yake mwenyewe. Jarir alipotoka, wenzake wakamuuliza kulikoni huko ndani. Akawaeleza kwamba ametoka kwa kiongozi anayewapa mafakiri na kuwanyima washairi, na kwamba yeye pamoja na hayo ameridhika naye.

Tulikisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza tulipokuwa masomoni Khartoum. Mwalimu wetu wa adabu alikipitia haraka kama kichekesho cha washairi, akaendelea na sarufi ya beti. Sisi kikatukaa moyoni. Umar hakuliharamisha shairi, maana alilisikiliza na akalitolea zawadi. Alilouliza lilikuwa swali la mwenye kuchunga hazina: mali hii ina wenyewe, je, wewe ni katika wao? Na shairi lile lilikuwa la kumsifu yeye mtawala. Kumlipa mtu kwa mali ya mafakiri ili akusifu wewe ni dhulma iliyo wazi, hata kama beti zimepangika vipi.

Basi ukichukua mizani hiyo ukaja nayo Tanzania, utaona kwamba fedha za umma zinazotolewa kwa sanaa haziko daraja moja. Iko fedha inayomlipa msanii apande jukwaani amsifu mgombea. Hiyo Umar angeifungia mlango, nasi tunaifungia, awe aimbaye ni wa bendi au wa kaswida. Tunalisema hili wazi kwa kuwa kila ukifika msimu wa uchaguzi vikundi vya kaswida navyo hualikwa, hupewa kanzu mpya, na huimba majina ya watu. Na iko fedha inayolinda kitu ambacho wote wana haki nacho na hakuna mmoja awezaye kukilinda peke yake: lugha, maktaba, majengo ya kale, ufundi wa mikono unaokufa. Mfano ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Ushairi ni miongoni mwa fani zinazoshindaniwa. Sisi ambao babu zetu waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja Mjerumani, ni walimu wangapi wa madrasa waliopeleka diwani zao? Katika wale tunaofahamiana nao hatumjui hata mmoja. Hatuwezi kusema tumenyimwa.

Sasa turudi kwenye fomu ya vijana. Tuliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Tatizo lake haliko kwenye neno utamaduni kama alivyodhani mzee wetu. Liko kwenye riba. Mkopo ule unapitia benki na unarejeshwa kwa ziada, na kuiita ziada hiyo riba nafuu hakuibadilishi hukumu yake, kama ambavyo kuupunguza ulevi katika chupa hakuifanyi chupa kuwa ya maji. Kwa hiyo kwa sura iliyomo ndani ya fomu ile, jibu letu kwa vijana ni kwamba wasiisaini.

Lakini tunaomba wazee wasifurahi haraka, kwani hatujamaliza. Mabenki ya nchi hii yanajua kufanya biashara bila riba. NBC imekuwa na huduma za kibenki za Kiislamu tangu mwaka 2010, na CRDB ilianzisha dirisha lake la Al Barakah mwaka 2021. Benki inaweza kuinunua spika na kumuuzia kijana kwa bei iliyo wazi, akalipa kidogo kidogo. Hiyo ni murabaha, na masharti yake yanajulikana. Ikiwa mfuko ni wa Watanzania wote, na sehemu kubwa ya Watanzania dini yao imewakataza riba, basi kuwawekea njia moja tu ya kukopa ni kuwafungia nje bila ya kuwaambia. Hili ni dai la haki na linasemeka kwa adabu katika barua ya ukurasa mmoja. Tumeiandika rasimu yake.

Na iko njia nyingine iliyo karibu zaidi, ambayo tumeshangaa kuona hakuna aliyeitaja siku ile ya ugomvi. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya kuvikopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu uliokuwa umeonekana, ikarejeshwa mwaka 2024. Zamani tulipokuwa chini ya Temeke kulikuwa na safari ndefu ya kufuatilia kila kitu. Sasa Kigamboni ni manispaa inayojitegemea. Halmashauri haitauliza kama kaswida yenu ni nzuri, itauliza mradi utaingiza nini ili deni lilipwe. Kaswida peke yake haitalipa deni, na wala hatutaki iwe bidhaa. Ila studio ndogo ya kurekodi mawaidha, darsa na arusi za watu wa Kimbiji, Buyuni na Mwasonga itaingiza. Hali kadhalika karakana ya kuchonga milango. Kijana mwenye kujua kuchonga mlango wa kipwani leo hatafutwi na Waislamu, anatafutwa na wenye mahoteli ya ufukweni.

Kabla hatujaliacha suala hili la vijana, kuna tahadhari moja. Mtoa fedha ana mkono, na mkono huo una vidole vya kuandika na vya kufuta. Mwaka 2018 baadhi ya nyimbo za kizazi kipya zilizuiwa kupigwa redioni kwa kukosa maadili. Tunakumbuka jinsi tulivyoshangilia misikitini, na hapana shaka baadhi ya nyimbo zile zilistahiki. Lakini mamlaka yenye kuuzuia wimbo ndiyo hiyo hiyo yenye kuweza kuizuia kaswida siku itakapoonekana ina maneno makali. Kwa ajili hiyo tunasema: chukueni vifaa, msichukue mshahara. Spika ukishailipia deni lake ni yako. Ukizoea posho ya kila mwezi, utaanza kuichagua kaswida kwa kumtazama mtoaji posho usoni.

Ndugu Waislamu, sasa tunafika kwenye gharama ile tuliyoahidi kuitaja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Zingatieni miaka hiyo. Katika mwambao huu, jengo la mawe la kabla ya 1863 aghalabu litakuwa ni nini kama si msikiti, au kaburi la Mwislamu, au nyumba ya Mwislamu? Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Kaole kuna misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Kilwa Kisiwani, Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta Sultani Hassan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya baba wa vipawa kwa ukarimu wake. Katika zama zake Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa kwa kuba na nguzo ambazo wanafunzi wa ujenzi huja kuzipima mpaka leo. (Sultani huyo huyo anahusishwa na kasri la Husuni Kubwa, ambalo inaelekea halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu. Msikiti uliendelea kutumika.)

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila kingo na kuta zilikuwa zikianguka. Zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo. Je, nani aliyelipia? Serikali yetu ilitoa sehemu yake, na miongoni mwa waliosaidia ni serikali za Ufaransa na Japani kwa kupitia UNESCO. Tunawashukuru, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini yatupasa tuone haya kidogo kwamba paa la msikiti wa babu zetu lilitengenezwa kwa kodi ya watu wa Tokyo, na sisi hatukuchangia hata ndoo ya chokaa.

Tunajua litakaloulizwa: je, hamtusomeshi kila siku kwamba makaburi yasijengewe? Ndiyo, na tutaendelea kusomesha. Hatutaki fedha ya serikali wala ya mtu itumike kulipaka kaburi rangi ili watu walizunguke na kuliomba. Lakini kuuzuia mchimba mchanga na mpima viwanja asifukue mifupa ya Waislamu ni jambo jingine kabisa, na heshima ya maiti haina khitilafu. Nendeni Mbuamaji, karibu na Gezaulole. Kuna magofu na makaburi ya watu waliotutangulia katika pwani hii yetu. Viwanja vya Kigamboni vimepanda bei tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, na gofu halina hati miliki.

Na hili la mwisho linatuhusu sisi wenyewe tunaosema nanyi. Miaka kadhaa iliyopita alikuja hapa afisa wa utamaduni akiwa na daftari. Alitaka kuorodhesha vitu vya kale vilivyomo majumbani: vitabu vya mkono, milango, vyombo. Alikuja na barua, alikuja na salamu nzuri. Sisi tulikuwa ndio kwanza tumerejea kutoka masomoni, na elimu ilikuwa bado moto kichwani. Tukamwambia mbele ya watu kwamba hapa hatuna utamaduni, tuna dini. Watu wakacheka, na afisa akafunga daftari lake akaondoka.

Wakati ule ndani ya kijiji hiki kulikuwa na sanduku la mti lenye vitabu vya mkono vya marehemu mzee wetu mmoja aliyesomesha pwani hii kabla hatujazaliwa. Tulipoitwa kulifungua, mwaka uliopita, mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Tulitoa mkononi mafungu ya karatasi yaliyogandana kama udongo. Tuliweza kusoma kurasa chache: kipande cha nahau, maelezo ya mirathi, na beti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo hatujaziona mahali pengine popote. Mwandishi aliandika jina la Kimbiji mwishoni mwa ukurasa. Yaliyobaki hayasomeki.

Vitabu kama hivyo vingeweza kupona. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili na Kiarabu ambao orodha yake, iliyoandikwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Mkusanyo wa maandishi ya Kiarabu katika Nyaraka za Taifa Zanzibar uliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu ya dunia mwaka 2003. Vitabu hivyo vinahifadhiwa kwa fedha za umma, yaani fedha zenu. Vya Kimbiji havimo, na mmoja wa walioviweka nje ndiye huyu anayewahutubia.

Haitoshi kuitegemea serikali pekee. Sultani Barghash alipotawala Zanzibar, kuanzia 1870 hadi 1888, hazina yake ilileta mtambo wa kupiga chapa uliochapisha vitabu vya fikihi. Na hazina hiyo hiyo, kama inavyosimuliwa, ilimpeleka mtu Misri kujifunza ala za taarabu. Mtawala hupenda hiki leo na kile kesho, na alipoondoka mambo yake mengi yaliondoka naye. Waqfu hauna tabia hiyo. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipopata shamba lake la Khaibar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza alizuie lisiuzwe wala kurithiwa, na mazao yake yawaendee wenye kuhitaji. Minazi mitano ya Kimbiji ikiwekwa waqfu itanunua kabati la chuma na dawa ya mchwa kila mwaka, bila kumwandikia mtu yeyote barua.

Basi tumekubaliana na kamati ya msikiti kama ifuatavyo. Vijana wataandikisha kikundi chao na kupeleka maombi yao manispaa, pamoja na hesabu ya studio, na tutakwenda nao. Barua ya kuomba mkopo usio na riba katika Mfuko itasomwa hapa Ijumaa ijayo, na anayetaka kuitia sahihi ataitia. Yeyote mwenye kitabu cha mkono nyumbani, hata kikiwa hakina jalada, tunamwomba akilete Jumamosi baada ya swala ya asubuhi. Hatutakichukua, tutakipiga picha mbele yake na kumrudishia mkononi. Asisafishe vumbi kwa kitambaa chenye maji. Na yule afisa wa utamaduni tumeshampigia simu na kumwomba radhi. Amesema atakuja, na kwamba daftari analo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.